Furusheti za Kuazima

Mtaa mzima wa Bagira ulijua Séraphine anaweza kuiga watu. Tangu utoto wake kijijini Mumosho alikuwa akitembea nyuma ya masista kwa mwendo wao wenyewe, wenzake wakianguka kwa kicheko, na sista akigeuka, anashindwa kukasirika. Basi mwalimu Donatien alipotayarisha mchezo wa sikukuu ya Asampsio, kupalizwa kwa Bikira Maria, katika ukumbi wa parokia, alimwendea yeye. Mpaka mwaka ule mama mkwe wa mchezo aliigizwa na fundi mwashi aliyejifunga kitenge, na matiti yake ya matambara yalimteleza hadi kiunoni. Watu walicheka matambara. Mchezo hawakuuona.

Séraphine alikubali pale pale. Mume wake Constantin, karani wa duka la Wazungu mjini, akakataa pale pale.

"Muke yangu hatapanda jukwaani. Mwanamuke anayelia na hana msiba, huyo ni muongo. Leo analilia watu, kesho atanililia mimi."

"Constantin, wewe! Watu wamekaa kwenye viti vyao, wanajua ni mimi. Wanakubali tu, kwa saa moja, kwamba mimi ni mama mkwe. Muongo anaficha. Mimi ninaficha nini?"

"Nimesema. Mbele ya watu hutaigiza."

Séraphine akabeba beseni, akaenda kufua. Wiki ile nguo za watoto zilifuliwa kwa nguvu hata vifungo vikang'oka.

Sasa sikieni alichofanya mwanamume huyu huyu. Siku zile karani aliyetaka karte, yaani cheti cha serikali cha mtu aliyestaarabika (ndivyo walivyomwita, kana kwamba wengine wote walikuwa mbuzi) alitembelewa nyumbani na tume ya Wazungu. Waliingia hadi chumbani, wakatazama vitanda, wakataka kuona familia imekaa mezani, inakula na furusheti, yaani uma. Nyumba ngapi zilikuwa na furusheti? Jirani yao Adélaïde alikuwa nazo, pamoja na visu vyake, na zilitangulia tume kutoka mlango hadi mlango, zimefichwa ndani ya vitenge vya wanawake. Kila mtu alijua, isipokuwa Wazungu.

Constantin akaziazima. Akampanga mke wake kama Donatien anavyopanga watu wake: kaa hapa, mgongo wima, kisu mkono wa kuume, madame akiuliza, jibu kwamba kila siku tunakula hivi.

"Na hii si teatre?" Séraphine aliuliza.

"Hii ni maisha yetu!"

"Maisha yetu tunayakula na mikono, Papa Constantin. Tena tumenawa."

Hata hivyo alikaa. Tume ikaja, mabwana wawili na madame mmoja aliyenusa mpaka mapazia. Séraphine alikata ndagala kwa kisu, samaki mwenyewe mdogo kuliko kidole, akajihisi mjinga. Madame akamnyang'anya furusheti, akaigeuza. Jino moja lilikuwa limepinda.

"Hii mimi iliona nyumba ingine," madame alisema. "Iko yenu kweli?"

Constantin akafungua mdomo. Maneno yote aliyompangia mke wake yalimpotea yeye mwenyewe. Akamtazama Séraphine kwa macho ya kuomba. Séraphine alijua kwamba angeweza: sentensi moja, tabasamu dogo, na karte ingetoka. Hasira ikampanda hadi masikioni.

"Madame," alisema, "bwana yangu alinikataza kuigiza mbele ya watu, na mimi ni muke wa kutii. Furusheti iko ya kuazima."

Tume ikaondoka bila kumaliza kahawa. Karte haikutoka.

"Umeniua!" Constantin alipiga kelele. "Muke gani anamuaibisha bwana yake hivyo?"

"Ulitaka nidanganye watu wasiojua kwamba wanadanganywa. Hiyo kwako ni ustaarabu. Ile ya jukwaani, ambayo kila mutu anaijua, hata mutoto, hiyo kwako ni uongo. Sikia basi. Nitapanda. Ukitaka, lala mlangoni, nitakuruka."

Hakulala mlangoni. Adélaïde alinyoosha jino lile kwa jiwe, furusheti zikaendelea na safari yao, na siku ya Asampsio Séraphine akapanda jukwaani bila tambara hata moja. Alimfokea mkamwana wake wa mchezo, akamnyima chumvi, akalia kwamba mwanawe ameibwa. Adélaïde, aliyemjua miaka yote, alikuwa mstari wa mbele anafuta macho.

Karani mmoja aliyefanya kazi na Constantin akapaza sauti kutoka nyuma: "Eh, Constantin! Kumbe ni hivi muke yako iko nyumbani!"

Ukumbi ukacheka. Constantin, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na kofia mkononi, akageuka kwa ukali.

"Funga mdomo, wewe! Muke yangu hayuko pale. Pale iko mama mkwe. Acha watu wasikie."

Séraphine alimsikia vizuri. Hata hakumtazama. Bado alikuwa na mkamwana wa kufokea.