Nilivyomtunza Wifi Mbele ya Mgeni wa Japani

Haya yananitia aibu mpaka leo, na sijui kama nitayaeleza sawa, maana skuli sikufika mbali, lakini bora niyaseme mwenyewe kuliko kuyasikia kwa Waswahili wenzetu wa Kingsbury, hapa London, yameshatiwa chumvi.

Wifi yangu Saumu ni mwimbaji wa taarabu. Enzi zile za kaseti alikuja London mama mmoja wa Kijapani, katoka mji mdogo wa wakulima wa mpunga uliojengewa ukumbi mpya wa muziki (ndani mbao tupu, anasema ukikohoa nyuma wanakusikia mbele), na ukumbi huo ndio unaotunza nyimbo zao za zamani na kualika waimbaji wa mbali. Alitaka kumrekodi Saumu wimbo mmoja, wenziwe wakiupenda wamwalike kwao. Saumu akawa haoti kitu kingine.

Tukakodi ukumbi wa kanisa Peckham. Mgeni akatuomba, tena kwa adabu, haki yake nimpe, kwamba mtu asitikisike mpaka sauti ya mwisho iishe.

Mie nilikuwa nimetoka kwenye kazi yangu ya kulea wazee, miguu imevimba, nikaona nikae mbele niinyooshe. Kosa ndilo hilo. Saumu alipofika ubeti wa mama anayemngoja mwanawe, mkono ukaingia mkobani wenyewe, nikainuka na noti yangu nikamtunze, nayumba kwa madaha kama niko harusini (jamani, wimbo ukikugusa utakaaje tu?), na kigelegele juu, mara mguu ukanasa kwenye waya, maikrofoni chini, mashine ya kurekodi chini, na mie juu yake, noti bado nimeinyanyua.

"Wifi!" Saumu akalia. "Hata leo?"

Mgeni hakufoka. Aliniinua, akasema wazee wa kwao nao zamani wakiwarushia waimbaji sarafu zilizofungwa karatasini, ila tangu ukumbi mpya wanakaa kimya. Sikujua ananifariji au anasikitika. Lakini mashine ilivunjika, na ndege yake ilikuwa jioni ile. Kaseti tuliyotuma baadaye ilikuta keshaalikwa mwengine.

Nikaapa: kwenye wimbo mie ni wa nyuma, karibu na mlango, mikono chini ya mapaja. Miaka mingi nikashika kiapo, mpaka juzi harusini Saumu akakatiza ubeti:

"Wifi, mbona hunitunzi? Au unawangoja Wajapani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikainuka, na uchovu wangu. Lakini kwanza nilitazama chini, waya umepita wapi.