Saumu, Mpima Maziwa wa Lukozi

Sisi watu wa Lukozi ni vichwa vigumu, na anayeumia ni Saumu. Miaka miwili anapima maziwa kwenye kituo chetu, miaka miwili anarudia somo lilelile.

Ng'ombe akichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, dawa hubaki kwenye maziwa siku kadhaa, na maziwa hayo hayauzwi. Saumu huigundua kwa kijikaratasi anachokichovya kwenye dumu. Kijikaratasi hicho kina kingamwili, yaani chembe zinazoinasa dawa hiyo. Maziwa yakiwa safi, kingamwili hupanda mpaka mstari wa kupimia na kuutia rangi nyekundu. Dawa ikiwamo, hunasana nayo njiani na mstari ule hautokei. Kuna mstari wa pili unaotokea siku zote, wa kuonyesha tu kwamba kipimo ni kizima. Basi miwili ni salama, mmoja ni dawa.

Nani akubali? Zahanati tumepimwa malaria miaka nenda rudi, na huko mistari miwili maana yake unaumwa.

"Shikamoo mzee Kassimu. Maziwa yako yametoa mstari mmoja, siwezi kuyapokea."

"Marahaba. Sasa mmoja si ndio uzima, mwanangu? Mimi zahanati ilitoka miwili, nikalala wiki nzima!"

Saumu alieleza mpaka sauti ikamkauka. Akifika nyumbani humalizia hasira kwa mumewe, Rashidi, naye huitikia, "Ndiyo mke wangu, ndiyo," huku akichambua maharage. Mwanamume mpole, lakini upole nao una siku zake.

Mwezi uliopita kiwanda kinachonunua maziwa yetu kikatuonya: dawa ikionekana mara moja tu tena kwenye maziwa ya Lukozi, gari lao la kuyachukua halitapanda huku. Nyumba arobaini zinalitegemea gari hilo. Kabichi zinatuozea shambani, kilichobaki ni maziwa. Saumu akawa anapima kila dumu mara mbili, na usingizi ukamhama.

Jumanne akafiwa na shangazi yake katika kijiji cha Malindi, hapa hapa milimani. Hakuna wa kumshikia kazi ila Rashidi. Akamkabidhi vijikaratasi, akaanza kumweleza tena.

"Nenda ukazike, mke wangu. Wimbo huo nimeusikia miaka miwili."

Alirudi Alhamisi, macho yamevimba kwa kilio, akakuta uani kwake watu wamejaa wanafoka. Mwanamke mmoja akamwambia habari aliyoileta dereva: maziwa ya jana kutoka Lukozi yamekutwa na dawa, gari limeshasimamishwa. Saumu akapita katikati yao mpaka ndani.

Rashidi alikuwa amepanga vijikaratasi mezani, safi kabisa, kila kimoja na jina la mwenye dumu.

"Wananitukana bure," alisema. "Nilikuwa mkali kukushinda. Madumu arobaini, thelathini na tisa yametoa mistari miwili, nikayakataa yote. La mzee Kassimu tu lilitoka mmoja, ndilo nililopakia."

Saumu akakaa kwenye kigoda na khanga yake ya msibani.

"Na la kwetu?" aliuliza.

"La kwetu?" Rashidi akanyoosha shingo kwa fahari. "Mimi simpendelei mtu. La kwetu ndilo nililomwaga la kwanza."