Ngumi Nne za Mawe

Fundi Cheche wa kuchomelea hajui kukataa kazi, na ikiwa ya mama yake ndiyo kabisa. Nyusi zake ziliungua zamani, zikagoma kurudi. Ukimwita, anakuja anacheka.

Jumamosi ile mama alikuwa anatoka hospitali na nyonga yake mbovu. Aliomba kitu kimoja tu: "Jioni nikae mlangoni nione watu. Dari nimeshaimaliza kuiangalia." Cheche akamwahidi. Kumbe kiti chake cha chuma kimeachia viungo sita: miguu miwili, mkono wa kulia sehemu mbili, mgongo sehemu mbili.

Akafungua kopo la kabaidi, yale mawe yanayotoa gesi yakikutana na maji. Yamebaki ya ngumi nne tu. Ngumi moja, kiungo kimoja, hilo analijua kama jina lake. Na duka la mawe hayo limefungwa mpaka Jumatatu.

"Unanuna nini?" kaka wa mkewe akamchokoza. "Pipa la maji limejaa, mtungi wa oksijeni umejaa. Mtu wa kulalamika wewe!"

"Shemeji, hivyo vyote vitabaki. Mawe yakiisha, kazi imeisha."

Akayamwaga mawe yote kwenye tangi la gesi lenye maji, akaanza na miguu. Ikashika. Akahamia kwenye mkono.

"Na mgongo je? Bi mkubwa ataanguka kama gunia!"

"Akitaka kuinuka anajisukuma kwa mkono wa kulia wa kiti. Bila huo hainuki."

Kiungo cha nne hakijakamilika, moto ukaanza kusinyaa. Shemeji akakimbilia ndoo. "Tuongeze maji!"

"Acha! Mle tangini maji yamejaa tele, yamekosa mawe. Hata ukimwaga mto, gesi haitoki."

"Basi fungulia oksijeni!"

"Niunguze chuma? Kaa chini, baba."

Akausogeza ule moto kidogo polepole, kama anamlisha mtoto. Chuma kikashikana, moto ukafanya pwa, ukazimika.

Ule mgongo akaung'oa kabisa. Kiti akakiegemeza ukutani, pembeni ya mlango, akakikalia mwenyewe mara tatu, kijasho kinamtoka.

Jioni mama akaletwa. Akashika mkono wa kiti, akashuka taratibu, akaegemea. Ukuta ukampokea.

"Mama, kiti hakina mgongo, nisamehe. Jumatatu nitaku—"

"Mgongo wa nini, na nyumba nzima ninayo nyuma?" Akamsukuma kwa fimbo. "Hebu toka hapo mbele, unanizibia watu."