Mpagazi Aliyetangulia Bila Mzigo

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta nyumbani Nzega, nikichambua mchele. Kabla ya machozi, woga ndio ulionishika. Mimi ni Mzaramo, yeye alikuwa Mnyamwezi, makabila ya utani, na mtani haendi msibani kulia. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kugomba kama yeye, mpaka wafiwa wacheke. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimemwahidi.

Nilimwahidi hospitalini, mwezi wa mwisho wa ugonjwa wake. Nilikuwa nimeanza kufuta macho akanikatiza.

"Wewe mla nazi, kalie kwenu. Hapa watalia wote. Na wewe ukilia, nani atawachekesha wanangu?"

Njia nzima kwenda Kwihara, kwao, nilitafuta la kusema nikalikosa. Miaka yote tuliyokuwa majirani Tabora mjini, kabla sijahamia Nzega, maneno hayakuwahi kuniishia. Nilimwita mpagazi. Tukitoka sokoni namtwika kapu langu, namwambia babu zake walibeba pembe za ndovu hadi pwani, nyanya zitamshindaje? Naye hulibeba akatangulia, bega la kushoto chini, akikohoa kwanza kila anapotaka kusema neno baya. Tukifika kwangu anachagua nyanya nzuri kuliko zote anaila, eti ushuru wa njia. Sasa ndani ya basi nikajaribu kukohoa kama yeye, mara ya kwanza, mara ya pili. Abiria mwenzangu akaniuliza kama naumwa, nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Nilipofika nilimwamkia mama yake, kikongwe aliyekuwa mkekani karibu na maiti. Aliitikia marahaba. Binti mkubwa wa marehemu akaniletea gauni la mama yake, lile la maua ya zambarau. Alikuwa amelipiga pasi, na hilo likaniudhi, maana mwenyewe hakuwahi kulipiga pasi hata siku moja. Nikalikunjakunja mikononi likarudi lilivyokuwa. Chumbani nilikosea vifungo, nikaanza upya. Nikilia leo, nilijiambia, nimemtupa.

Nikatoka, bega la kushoto chini. Nikakohoa. Wanawake wote wakageuka.

Nikagomba kwa sauti yake, nikataka kujua nani kaweka chumvi nyingi kwenye maharage, nikaamuru sufuria zifichwe kwa kuwa Mzaramo yuko njiani. Hakuna aliyecheka. Binti alinitazama kwa macho makavu, yamemtoka. Nikaona nimeshindwa mbele ya watoto wake. Basi nikaiacha sauti yake, nikamgeukia yeye mwenyewe pale alipolala chini ya shuka.

"Na wewe, mpagazi gani unatangulia bila mzigo? Kapu langu atabeba nani?"

Aliyeanza kucheka ni mama yake. Alicheka mabega yakatikisika, akafuatia binti, akacheka mpaka akashika nguzo, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Ukumbi mzima ukaitikia. Mimi sikulia.

Tuliporudi kutoka makaburini, binti alinijia na bakuli la maji ya kunawa.

"Mama mdogo, vua sasa, ule."

Njia nzima nilikuwa nimeogopa kulivaa lile gauni. Kulivua sikuwa nimefikiria. Nikashika kifungo cha juu, nikakiachia. Kisha nikakohoa, nikalishusha bega la kushoto.

"Lete chakula hapa hapa," nikamwambia. "Mama yako hajala."