Maua ya Kitambaa cha Altare

Mwezi uliopita nilishuka Chepseon bila kupanga. Nilikuwa natoka Londiani kununua viazi. Mvua ya mawe ikaanza kupiga barabara hadi mwenye pikapu akakataa kuendelea, nami nikakimbilia kibaraza cha kanisa. Unaijua mvua yetu, rafiki yangu, haikupi nafasi ya kufikiri. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia, nikajikuta mbele ya altare iliyofunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua ya dhahabu yaliyopigwa chapa na mashine. Nilikigusa. Kilikuwa laini kama sahani. Nikaurudisha mkono haraka, kwa sababu hapo hapo, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, niliketi asubuhi nzima nikingoja nyanya yangu aaibishwe kwa kosa langu.

Nyanya alikuja huku kutoka Kisii akiwa msichana, akachuma chai ya wazungu miaka mingi, halafu akanunua kipande cha shamba nyuma ya soko. Asubuhi tulichuma chai yetu kabla umande haujakauka, majani mawili na kichipukizi, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Mchana nilikama ng'ombe na kupeleka maziwa sokoni. Jioni nyumba ilinuka moshi na chisaga, mboga yetu chungu, iliyolazwa kwa maziwa, na nyanya alisonga ugali wa wimbi huku akiimba nyimbo za kanisa kwa Kikisii, akipiga mwiko kama ngoma. Alikuwa amezika mume wake katika udongo huo. Hata hivyo, mtu akimtaja alisema "yule mama wa Kisii", na miaka hiyo maneno "watu wa kuja" yalikuwa yameanza kusemwa sokoni kwa sauti ya chini. Tukipita, sauti hiyo ilikatika. Nyanya alijifanya hasikii. Lakini usiku alikagua kufuli mara mbili.

Kanisa letu lilijengwa na wazungu wa chai. Juu ya mlango, yule aliyetoa mawe alichongesha simba na jina la ukoo wake, na simba huyo alikuwa mkubwa kuliko msalaba. Ulipoingia, ulipita chini ya kucha zake kwanza, ndipo ukamfikia Mungu. Ndani kulikuwa na picha za Njia ya Msalaba ukutani pande zote, Pilato kwenye kiti chake kirefu, askari na mikuki. Nyanya hakujua kusoma. Picha hizo ndizo zilikuwa Biblia yake. Alisimama mbele ya kila moja na kuniambia nani ni nani, na kila mara alimtazama Pilato kwa hasira kama jirani aliyehamisha mpaka.

Basi ikatangazwa kwamba Baba Askofu atakuja, na altare inahitaji kitambaa kipya. Akina mama wakabishana Jumapili mbili. Mke wa katekista alitaka kukifuma yeye. Lakini hakuna mkono uliomshinda nyanya kwa sindano, na hata waliomsema walikuwa na vitambaa vyake kwenye viti vyao. Akapewa. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Kikiwa juu ya meza ya Mungu," akasema, "nani ataniuliza tena nimetoka wapi?"

Katikati angeweka msalaba. Kwa pindo alitaka maua ambayo hakuna mtu huko aliyewahi kuyaona, na kazi ya kuyatafuta akanipa mimi, kwa sababu nilijua kuchora.

Mimi nilikuwa nimeshayaona. Mmoja wa niliowapelekea maziwa alikuwa mke wa mchinjaji. Unakumbuka kwamba ng'ombe wa soko zima alichinjwa na Mwislamu, ili kila mtu aweze kula. Mchinjaji wetu alikuwa mtu mpole mwenye kofia nyeupe, na mkewe alikuwa Mnubi mzaliwa wa Londiani, mwenye mikono ya hina na mdomo usiochoka. Nyanya alinikataza kuingia ndani zaidi ya jikoni mwao. Sikutii. Sebuleni mwao hapakuwa na picha hata moja, wala ya mtu wala ya mnyama, isipokuwa kitambaa cheusi cha mahameli ukutani, na juu yake mmea wa dhahabu. Shina lilipanda na kuinama, likajikunja, likatoa vitone kama mbegu. Nilidhani ni watu wanaopenda sana bustani. Kila siku, mama huyo alipokuwa akimimina maziwa jikoni, nilichora kipande kimoja nyuma ya daftari la hesabu.

Nyanya alipouliza nimeyatoa wapi, nikasema, "Kwa kitabu cha shule."

Aliamini. Kitu kikitoka kwa kitabu cha shule, kwake kilikuwa safi.

Alifuma miezi mitatu, akipitisha uzi kwa sindano juu ya kitambaa cheupe. Uzi wa dhahabu aliuagiza Kericho mjini. Alifuma mchana akirudi shambani, akafuma mikono ikiwa imevimba, na kila wiki mmea ulizidi kutembea kwenye pindo, upande wa mbele umelala, pande za kando umepanda. Majirani walikuja kuchungulia. Hata mke wa katekista alisimama mlangoni akasema tu, "Uzi utatosha kweli?"

Jumamosi, siku moja kabla ya Askofu, tulikifua na kukitandaza juu ya michai kikauke, maana michai iliyochumwa vizuri iko sawa kama meza. Katekista angekuja kukichukua saa kumi. Siku hiyo sikupeleka maziwa, kwa hiyo mke wa mchinjaji akayafuata mwenyewe, kibuyu mkononi, akipiga kelele tangu barabarani.

"Wewe msichana, leo unataka watoto wangu wanywe chai nyeusi kama wafungwa?"

Halafu akakiona kitambaa. Alikuwa amesimama mbele ya michai, mkono juu ya mdomo.

"Nyanya," akasema polepole, "nani ameandika hii?"

"Kuandika nini? Ni maua." Nyanya alikuwa anacheka. "Hata wewe umeyapenda!"

"Haya si maua. Hiki ni Kiarabu. Kimetoka ukutani kwangu." Akanitazama mimi. "Ni maneno ya kwanza ya kitabu chetu. Kwa jina la Mungu, Mwingi wa rehema."

Nyanya aliacha kucheka. Hakunitazama. Angenipiga ningeshukuru.

"Mungu gani?" akauliza.

"Aa, Nyanya. Kwani wewe unajua wangapi?"

Nyanya alifikiri, akitembeza kidole juu ya uzi. "Basi ni neno zuri," akasema. "Halina matusi. Liende kanisani."

"Likienda kesho na mtu mmoja akalisoma, kesho kutwa watakuwa mlangoni kwangu. Watasema mke wa mchinjaji amemdanganya mzee ili auweke Uislamu juu ya altare. Nani atakula nyama ya mume wangu? Na wewe, watakusemaje? Watu tayari wanawatazama vibaya." Akainama karibu zaidi, na sauti yake ikabadilika. "Tena mtoto amekosea. Hapa amelikata jina la Mungu katikati. Hapa amelipindua. Siwezi kuliona limevunjika hivi nikarudi nyumbani kunywa chai."

Nyanya alikaa chini kwenye nyasi mbichi. "Yaye, Nyasae," akamwita Mungu kwa lugha yake. Halafu akaniita kwa jina langu lote, akasema, "Leta nyembe."

Kivuli cha mti wa Krismasi wa langoni kilikuwa kimefika kwenye zizi, maana yake saa nane ilikuwa imepita. Mke wa mchinjaji aliomba maji kwanza. Alinawa mikono mpaka viwiko, akanawa uso, akanawa miguu, bila haraka, na mimi nilitaka kulia kwa jinsi alivyokosa haraka. Nyanya alimtazama, kisha akamwagia maji mikono yake mwenyewe, akanisukumia beseni. Tukakaa watatu chini, kitambaa magotini, tukaanza kufumua.

"Sehemu hii niachieni mimi," mke wa mchinjaji alisema kila tulipofika penye jina lenyewe. Kila kipande cha uzi alikiokota na kukiweka kwenye bakuli safi, hata vile vidogo kama kope. Angeenda kuvizika mahali ambapo hakuna mguu utakaopita. Nilimuuliza kwa nini nyumbani kwao hakuna picha ya Mungu. "Atachorwa na nani?" akajibu bila kuinua macho. "Sisi tunaandika alichosema, basi. Lakini tunakiandika kwa dhahabu, ili ukiingia ujue nani mwenye nyumba." Nikamkumbuka simba wa kanisa letu.

Wembe uliteleza ukanikata. Nyanya aliufunga mkono wangu kwa kanga yake kabla damu haijadondoka kwenye kitambaa, akarudi kufumua. Miezi mitatu ilikuwa inatoka kwa uzi mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayenyonyoa kuku. Mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa msitu. Upande wa kwanza ukaisha. Wa pili. Tulikuwa kwenye wa mwisho tuliposikia kengele ya baiskeli ikishuka mteremko.

"Usiangalie barabara," nyanya aliniambia. "Angalia uzi."

Katekista aliegemeza baiskeli langoni wakati mke wa mchinjaji anakata uzi wa mwisho. Bakuli likaingia chini ya leso yake.

"Mama wa nyama!" katekista akamtania. "Leo umeokoka?"

"Nimefuata maziwa, Mwalimu. Wokovu wako kaa nao."

Alicheka. Kisha akakiona kitambaa, na kicheko kikafa. "Mama wa Kisii. Maua yameenda wapi?"

"Nimeyatoa."

"Umetoa! Askofu anakuja kesho!"

"Yalikuwa mengi kuliko msalaba," nyanya akasema. "Watu wangeangalia pindo."

Katekista alikiinua kwenye mwanga. Hapo ndipo niliona kitu ambacho hatukukifikiria. Uzi ulikuwa umetoka lakini matundu ya sindano yalibaki, maelfu, na mwanga ulipita ndani yake. Mmea mzima ulikuwa bado pale, umeandikwa kwa vitone vya nuru. Mke wa mchinjaji aliona pia. Nilisikia akivuta pumzi. Katekista alitazama muda mrefu, akakunja kitambaa, akakifunga kwenye baiskeli.

"Mke wangu angemaliza kazi," akasema, akaondoka.

Jumapili nilikaa benchi ya mbele na watoto. Jua lilipita dirishani likaangukia upande wa mbele wa altare. Matundu yalionekana kutoka nilipokaa. Sijui hata wimbo mmoja ulioimbwa. Nilijua tu kwamba Askofu alikuwa mtu aliyesoma nchi nyingi, na kwamba kabla ya misa atainama kubusu altare. Aliinama. Hakuinuka mara moja. Niliona kidole chake gumba kikipita kwenye ukingo, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kikarudi. Akina mama nyuma yangu walianza kunong'ona. Nyanya alikuwa ameshika rozari kwa mikono yote miwili na haikusogea hata punje moja.

Misa ikaenda hadi mwisho. Kabla ya baraka akauliza, "Nani alifuma kitambaa hiki?" Katekista akamwonyesha nyanya. Akasimama, mdogo, kilemba kimelegea.

"Mkono wako umefanya kazi mara mbili, mama," Askofu akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kibaki hapa."

Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Kama aliyasoma yale maneno au aliona tu matundu, sitajua. Nyanya aliketi, na ndipo rozari ilianza kutembea.

Natamani nikuambie kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Kwa muda ilikuwa hivyo. Halafu ulikuja msimu mbaya wa siasa, jirani mmoja akaanza kuja jioni kutushauri kwa upole tuuze mapema, na asubuhi moja tukakuta michai yetu imekatwa upande wa barabara. Nyanya aliuza. Siku tuliyopakia lori, wakati ng'ombe anasukumwa kupanda na kuku wanapiga kelele ndani ya tenga, katekista alikuja kwa miguu na kitambaa kimekunjwa kwapani.

"Mama, nimeona ni haki uende nacho," akasema. "Ni jasho lako."

Sijui hata leo kama ulikuwa wema au walitaka kisibaki. Nadhani hata yeye hakujua. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nyanya alikuwa ameshapanda mbele, mguu mmoja bado uko nje. Alikitazama kitambaa bila kukigusa.

"Kirudishe mezani, Mwalimu," akasema. "Kitambaa ni cha hapa. Anayehama ni mimi."

Akafunga mlango wa lori mwenyewe. Aliishi Kisii miaka tisa zaidi, na sikumwona tena akishika sindano.

Mimi tangu hapo sijakaa mahali. Nimeuza mitumba Isiolo, nimepika hotelini Mombasa, nimeona misikiti yenye maandishi yaliyochongwa juu ya milango na makaburi ya wakubwa yenye simba na taji, na kila mahali nimeona mtu anayetaka jiwe liseme kwa niaba yake kwamba hapa ni pake. Mchinjaji na mkewe walirudi Londiani, kisha nikapoteza habari zao. Shamba letu lina nyumba ya mabati ya buluu. Mwezi uliopita, mvua ilipopungua, niliwauliza vijana waliokuwa wakifagia kanisa kama kulikuwa na kitambaa cha zamani, cheupe, chenye matundu. Walitazamana. Mmoja akaniambia kwa heshima, "Mama, vitu vya zamani hatukuvikuta. Kwani wewe ni mtu wa huku?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Mwenye pikapu alikuwa anapiga honi, na nikaona ni rahisi zaidi kutoka.