Damu Isiyoganda

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinirembeshee. Sikuketi darasani hata siku moja, lakini damu ninaijua. Nilifanya kazi katika machinjio ya Dagoretti tangu ujana hadi magoti yaliponikataza, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukoroga. Ng'ombe alipochinjwa, nilikinga damu kwenye beseni na kuikoroga kwa kijiti bila kupumzika, ili wapishi wa mutura, ile soseji ya damu, waijaze kwenye matumbo ikiwa bado majimaji. Nyuzi zilijisokota kwenye kijiti, nami nikawatupia mbwa. Mkono ukilegea kidogo tu, ulikuta beseni zima limeganda kama maini.

Kwa hiyo mama yako aliponipeleka hospitali moja ya katikati ya jiji, nilikaa macho. Nilikuwa nikichoka kwa namna nisiyoielewa. Kutoka lango letu la Waithaka hadi kanisani nilisimama mara tatu kuvuta pumzi, na viganja vyangu vilikuwa vimepauka. Binti wa maabara alinitoa damu, akaijaza katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, akakipindua taratibu mara chache, akakisimamisha mezani. Niliketi pale nikikitazama. Kwa muda ule, damu ya beseni ingekuwa imeshakatika kwa kisu. Ile ya kichupa ilitulia tu, majimaji, na hakuna aliyekuwa akiikoroga.

Daktari alisema kwamba chembe zangu nyekundu zilikuwa zimepungua mno. Vidonge vya magoti nilivyokuwa nikinunua Dagoretti Corner vilikuwa vimenitoboa kidonda tumboni, nacho kilikuwa kikivuja polepole. Nilazwe siku hiyo hiyo, niongezewe damu ya watu wengine, la sivyo moyo wangu hautastahimili. Nilikataa. Nilimwambia kwamba walichopima si damu yangu: ama wameibadilisha, ama wameitia kitu. Mama yako alilia mbele ya wageni. Sikutikisika, kwa maana sikuona sababu ya kutiwa damu ya mtu nisiyemjua kwa ushahidi wa kichupa kama kile.

Aliyeitwa ni yule binti wa maabara. Hakunibembeleza, na hilo lilimwongezea heshima machoni pangu.

"Guka, umesema tumeitia kitu," alisema, kana kwamba mimi ni babu yake. "Ni kweli. Tumeitia dawa ya kuizuia isigande. Mashine yetu huhesabu chembe moja moja; haihesabu damu iliyoganda kama mutura."

Nilimwamuru anitoe nyingine, aiweke katika kichupa kisicho na dawa, na vyote viwili visimame mbele yangu. Alikubali. Akavuta kiti akaketi, akasema kwamba hataondoka nisije nikadai amebadilisha.

Tulipokuwa tukingoja, nilimhoji. Alisema kwamba chembe nyekundu hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote, ndiyo maana zikipungua mtu hutweta kwa hatua chache. Kila moja huishi takribani miezi minne, kisha nyingine huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Nimepasua mifupa maisha yangu yote nikala uboho wake, na sikuwahi kushuku jambo hilo. Chembe nyeupe, alisema, hukagua kila kinachoingia, na kisicho cha mwilini hukishambulia. Nilimwambia kwamba hizo peke yake ndizo zenye akili. Alicheka, akasema basi zangu lazima ziwe nyingi.

Kisha akataja za tatu, chembe sahani, vipande vidogo kuliko vyote. Ngozi ikikatika, hukimbilia jeraha na kulishikilia, na nyuzi za damu hufungamana juu yake hadi pazibe.

"Nyuzi gani?" nikamuuliza.

"Nyembamba, Guka. Kama za pamba."

Ndizo nilizokuwa nikiwatupia mbwa.

Baadaye nilikiinamisha kile kichupa kisicho na dawa kwa mkono wangu mwenyewe. Damu haikusogea. Ile ya zambarau ilitiririka kama maji. Nikakiri kwamba zote mbili ni zangu. Lakini swali la damu ya mgeni lilibaki, na nililisema wazi: nitajuaje kwamba inanifaa? Alijibu kwamba jibu la hilo si la maneno, nitaliona wodini.

Nikakubali kulazwa, na nililiona. Wauguzi wawili walikuja na mfuko. Mmoja alisoma namba na kundi la damu kwenye mfuko, mwenzake akafuata kwa kidole kwenye karatasi na kwenye utepe wenye jina langu walionifunga mkononi. Kisha wakabadilishana, wakaanza upya. Yule wa kwanza aliniuliza jina langu, ingawa lilikuwa limeandikwa mbele yake.

"Ninyi wawili hamwaminiani?" niliuliza.

"Kwa damu, Guka, hatuaminiani kabisa," alijibu. "Tukikosea, mwili wako utaipiga vita, na unaweza kufa."

Hilo ndilo jibu la kwanza lililonitosha tangu niingie hospitalini. Kwa kuwa mimi sijui kusoma, niliwaagiza wasome mara ya tatu, kwa sauti, polepole. Wakasoma. Ndipo nikanyoosha mkono.