Koti la Ngozi Ukweni

Kuna siku moja ya Oktoba, mwanangu, ambayo nikiikumbuka kiwiko changu kinawasha na kicheko kinanijia. Lilikuwa joto la kabla ya mvua za kwanza, lile linalowafanya hata mbuzi wa mtaa wa Katuba wagombanie kivuli cha ukuta. Mimi, kijana mtanashati, nilipanda pikipiki kutoka mjini kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Ngalula, msichana niliyetaka kumwoa.

Nilikuwa nimejinunulia koti jeusi la ngozi, nene, la nchi za baridi. Nilipendeza nalo, usinicheke! Lakini kulivaa katika jua lile kulinishinda, basi nikalifunga kwenye kiti cha nyuma, nikaenda na shati la mikono mifupi. Nilipanga kulivaa nikifika kona ya kwao. Kabla ya kona hiyo gurudumu likateleza kwenye mchanga, nikaburuzika, mkono wa kushoto ukachunika kuanzia kiwikoni. Nikajipangusa vumbi, nikavaa koti juu ya kidonda, nikaingia ukweni nikitabasamu.

Papa Kabeya, baba yake Ngalula, alikuwa fundi wa kushona, mtu wa macho makali. Sebule ilikuwa tanuri. Bukari, ugali wa kwetu, ikaletwa, na jasho langu likatiririka mpaka kwenye sahani.

"Toa iyi koti, mwana," aliniambia.

"Hapana, papa, niko bien, niko muzuri."

Mama yake Ngalula akamtazama mumewe. Nilijua wanachowaza: huyu anaficha nini? Ngalula akainamisha macho, nami nikaona ndoa inaniponyoka. Hapo damu ikachuruzika kutoka ndani ya koti, ikadondoka mezani.

Koti likavuliwa. Papa Kabeya mwenyewe akaniosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikapiga kelele hadi majirani wakachungulia. Kisha akacheka, akasema:

"Weye unakuya kunilomba mutoto. Ngozi yako yenyewe unashindwa kuchunga, mutoto wangu utamuchunga namna gani? Enda. Utarudia siku utajua kuvala."

Niliumia, mwanangu, tena si mkono tu. Kidonda kilipopona nikatafuta koti la rangi ya maziwa, la kitambaa kigumu cha wavu kinachopitisha upepo, lenye pedi za viwiko na mabega. Nikaongeza glavu nyepesi, viatu vya kufunika vifundo, na kofia ya pikipiki yenye matundu ya hewa. Nikarudi saa sita mchana, kusudi. Papa Kabeya aliniacha nimesimama uani, akapapasa kila mshono, akavuta ukanda wa kofia kidevuni, akapitisha kiganja mgongoni kupima jasho.

"Ngalula," akaita, "letea bwana yako mayi ya kunywa."

Bwana yako, maana yake mume! Nilicheza pale uani na glavu zangu mikononi!

Basi sikia, wewe unayependa pikipiki. Koti la kufaa wakati wa joto ni lile utakaloweza kulivaa safari nzima. Chagua rangi nyepesi na kitambaa kigumu kinachopumua. Lijaribu dukani ukiwa umekaa kama uko barabarani, uone kama pedi zinabaki mahali pake. Livae hata kama unaenda mtaa wa pili tu, na usimame unywe maji.

Mungu akutangulie njiani, akuzeeshe ukiwa mzima, na kila nyumba unayoiendea ikufungulie mlango kwa furaha.